Kujitolea pembeni ya msitu wa Kahuzi-Biega: mwanafunzi anasaidia nini?



Kila mara nikisema kwamba mwaka 2022 nilitumia siku 9 za likizo kubwa nikijitolea Lwiro, swali la kwanza linakuwa: "Mulilipwa ngapi?" La pili: "Ulibeba katoto ka shimpanze mu mikono?" Jibu la yote mawili ni hapana. Hatukulipwa hata franka moja, na hakuna mtu kati yetu aliyemgusa mnyama. Basi swali la tatu linafuata lenyewe: sasa mulienda kufanya nini?

Ni swali nzuri, na linastahili jibu refu kidogo. Wengi wetu tunasikia neno "volontaire" tunafikiri ni mambo ya wageni wanaotoka Ulaya na mifuko mikubwa mgongoni. Lakini msitu ni wetu, kazi iko, na mwanafunzi Mkongomani anaweza kuifanya, kama anajua ni kazi gani.

Fasi yenyewe

Ukitoka Bukavu kuelekea kaskazini, ziwa Kivu linabaki kuume na milima kushoto. Ukifika Miti barabara inagawanyika. Ya kushoto inapanda Tshivanga, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, ile tunaita tu "parke". Ya mbele inapita Kavumu kwenda Katana. Lwiro iko upande huo, chini ya msitu, katika udongo wa Kabare.

Parke iliundwa mwaka 1970, na jina lake linatoka kwa milima miwili: Kahuzi, wenye mita 3,308, na Biega, wenye mita 2,790. Mwanzoni ilikuwa na kilomita za mraba 600 tu. Mwaka 1975 ikapanuliwa hadi 6,000, maana yake mara kumi. Ndiyo sababu ina sehemu mbili: ya juu, yenye baridi na mianzi, karibu na Bukavu, na ya chini, msitu mkubwa wa joto unaoelekea magharibi. Kati ya hizo mbili kuna ujia mwembamba wa Nindja. Mnyama anayetaka kutoka sehemu moja kwenda nyingine anapita hapo, na kama ujia ukijaa mashamba, kila upande unabaki kama kisiwa.

UNESCO iliiandika parke kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980. Mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo haijaitoa humo. Tunajua sababu. Vita vilileta watu wenye silaha msituni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, bei ya koltani ilipopanda, wachimbaji maelfu waliingia sehemu ya chini, na mtu anayechimba mbali na soko anakula nyama yenye iko karibu. Tembo wa sehemu ya juu waliuawa karibu wote.

Mnyama anayejulikana zaidi hapo ni gorila wa Grauer, mkubwa kuliko gorila wote duniani, na haishi nchi nyingine yoyote isipokuwa mashariki ya Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikadiria kuwa wako karibu 17,000. Mwaka 2016 makadirio yalishuka hadi 3,800, na gorila huyo akawekwa kwenye ngazi ya mwisho ya hatari kabla ya kutoweka. Mwaka 2021 yakatoka makadirio mapya: 6,800. Wengine walishangilia kwamba wameongezeka. Hapana. Walihesabiwa fasi nyingine zenye hazikufikiwa mbele. Na tena, kuhesabu hapa si kusimama na kalamu mnyama akipita. Gorila anajenga kitanda kipya cha majani kila usiku. Watafiti wanahesabu vitanda, wanaangalia umri wake, kisha wanapiga hesabu. Ndugu zangu wa takwimu, hii ni kazi yenu kabisa.

Lwiro nayo ina historia yake. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti ya IRSAC, na makao yake yakajengwa hapo: majengo makubwa, maabara, maktaba. Leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, CRSN. Mwaka 2002, CRSN na ICCN walifungua hapo kituo cha kulelea sokwe na nyani waliookolewa mikononi mwa wawindaji na wauzaji. Kuna sokwe zaidi ya 100, wale wengi wetu tunaita shimpanze, pamoja na nyani na kima wa aina nyingi.

Kwa nini kuna yatima

Mtoto wa sokwe anashikamana na mama yake kwa miaka mingi. Hakuna namna ya kumchukua mama akiwa mzima, na mara nyingi wengine katika kundi wanakuja kumtetea. Kwa hiyo mtu anayenunua katoto kamoja sokoni, hata kama anasema "nilikahurumia", amelipia vifo kadhaa na ametoa pesa ya kumrudisha mwindaji msituni. Sheria nambari 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, inayohusu uhifadhi wa mazingira asili katika nchi yetu, inakataza kukamata, kuua na kuuza wanyama waliolindwa. Mwenzetu wa sheria alikuwa na nakala yake ndani ya begi. Tutarudi kwake.

Kazi ya kila siku

Tulikuwa watu 12: wa bioloji, kilimo, sheria, uchumi, elimu, na mmoja wa udaktari wa mifugo. Kanuni ya kwanza ilikuwa ya afya: barakoa, kunawa mikono, viatu vya ndani tu, na mwenye kikohozi anabaki kambini. Si maringo. Sokwe ni jamaa yetu wa karibu sana kwa damu, na magonjwa yetu ya kifua yanampata bila yeye kuwa na kinga. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe 5 wa kundi moja. Mafua yenye wewe unapiga chafya siku tatu na kusahau. Kwa hiyo ile picha ya kubeba katoto, yenye kila mtu anataka kuweka kwenye simu yake, inaweza kuwa ndiyo ugonjwa wenyewe. Tena inafundisha anayeiona kwamba sokwe ni kitu cha kuchezea, na huko ndiko biashara inaanzia.

Asubuhi tuliosha na kukata chakula: viazi vitamu, ndizi, mabungo, majani. Mafungu yalipimwa na kuandikwa. Kazi ya mchana ndiyo ilinifundisha zaidi: kuwatengenezea wanyama kazi. Tulitoboa mianzi, tukajaza chakula ndani, tukaziba na majani. Tulifunga karanga katika vifurushi vyenye mafundo magumu. Kwa nini tunawapa shida hivi? Sokwe akiwa msituni anatumia karibu nusu ya siku akitafuta chakula. Ukimletea sahani, anamaliza kwa dakika kumi, kisha anabaki na saa zote bila la kufanya. Hapo anaanza kuyumbayumba pale pale, au kujing'oa manyoya mpaka ngozi inabaki wazi. Akipewa mwanzi wenye kitu ndani, anakaa, anafikiri, anachagua kijiti, anajaribu tena.

Mwenzetu wa uchumi alimwangalia mmoja akipambana na mwanzi wake, akasema: "Huyu amepata kazi mbele yetu." Tulicheka sana. Lakini kila mwenye diplome anayeamka bila fasi ya kwenda anaelewa kwamba kukosa kazi si kukosa chakula peke yake.

Swali la mama mmoja

Siku ya nne tulipangiwa kuzungumza na wazazi kwenye shule ya msingi jirani. Tulieleza wanyama, tukaeleza mvua na mito inayoshuka kutoka milimani kuelekea ziwani, tukafika kwenye miti. Mama mmoja, mkulima, akanyanyua mkono.

"Batoto bangu, munasema tusikate miti. Ni sawa. Ile makala munapikia kule Bukavu, inaota mu duka?"

Watu walicheka, na sisi tukacheka. Kisha ikawa kimya, juu swali lilibaki pale.

Tulifanya hesabu pamoja, palepale ubaoni. Kwa tanuru ya kienyeji, ile ya kufukia magogo chini ya udongo, unahitaji kilo 5 hadi 10 za mti kupata kilo 1 ya makala. Zidisha kwa gunia. Zidisha kwa nyumba moja ya Kadutu kwa mwezi. Zidisha kwa mji wenye watu zaidi ya milioni moja, wenye umeme wa Ruzizi haufiki kila nyumba, na ukifika unakatika saa ya kupika. Aliyekata mti anaishi Kabare, lakini aliyeuagiza anaishi mjini na mara nyingi amesoma. Basi somo la kulinda msitu haliwezi kuanza kwa kumnyooshea kidole mama wa kijijini. Linaanza kwenye mbabula ya Bukavu.

Mwenzetu wa sheria naye akapata lake. Alipomaliza kusoma kifungu, muzee mmoja Mutwa alimuuliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo sheria inasema nini juu ya sisi bali batutosha mule?"

Hapa lazima tueleze wazi, maana vijana wengi wa mjini hawajui. Parke ilipoundwa na kupanuliwa miaka ya 1970, familia za Batwa zilizoishi ndani ya msitu huo zilifukuzwa bila fidia. Zilibaki pembeni, kwenye udongo wa wengine, bila shamba na bila msitu. Mwaka 2018 baadhi yao walirudi ndani kwa nguvu. Kukafuata mapambano kati yao na walinzi, watu wakafa pande zote mbili, na miti mingi ya sehemu ya juu ikaanguka ikageuka makala, kwa faida ya wafanyabiashara kuliko ya Batwa wenyewe. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Serikali ya Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega, na inatakiwa kuomba radhi, kuwarudishia udongo wao na kulipa fidia.

Siku ile hukumu hiyo haikuwa imetangazwa bado. Mwenzetu alimjibu yule muzee ukweli: kwamba sheria ya 2014 inataja wenyeji na haki zao, lakini kutajwa kwenye karatasi na kupata udongo ni mambo mawili. Muzee akasema asante. Jioni kambini tulibishana mpaka usiku. Mmoja alisema gorila akiisha harudi, kwa hiyo msitu kwanza. Mwingine akasema mtu asiye na fasi ya kulala hawezi kuambiwa alinde kitanda cha gorila. Mimi nafikiri wote wawili walikuwa sawa, na ndiyo maana jambo ni gumu. Lakini najua moja: pale mwenyeji anapohesabiwa kuwa mwizi tangu asubuhi, msitu haupati mlinzi, unapata adui anayejua njia zote.

Kitu chenye kinabaki

Siku 9 haziokoi mnyama yeyote. Watunzaji wa Lwiro walikuwa pale mbele yetu, na walibaki pale nyuma yetu. Nionavyo mimi, kujitolea kunapimwa kwa swali moja: mulipoondoka, nini kiliendelea kufanya kazi bila ninyi?

Baada ya swali la yule mama, tulibadilisha programu ya siku zilizobaki. Mchana, badala ya hotuba, tulifanya salongo na akina mama. Wa kilimo walianzisha kitalu cha grevilea na kaliandra. Hii ni miti ya kupanda kwenye mpaka wa shamba. Inakua haraka, ukiikata matawi inachipua tena, na kaliandra inarutubisha udongo na kulisha mbuzi. Familia yenye kuni kwenye mpaka wa shamba lake haina sababu ya kupanda mlimani usiku.

Wengine tulijenga majiko ya udongo. Ukipika juu ya mafiga matatu yaliyo wazi, sehemu kubwa ya moto inachukuliwa na upepo. Jiko la udongo uliochanganywa na majani makavu na majivu linaufunga moto pande zote, linaacha mlango mdogo wa kuni na hewa chini, na sufuria inakaa karibu na moto. Maharagi yaleyale yanaiva kwa kuni chache zaidi, na moshi unapungua machoni mwa mama. Wa kwanza tulijenga sisi na wao wakaangalia. Wa pili walijenga wao na sisi tukaangalia. Hiyo zamu ya pili ndiyo kujitolea kwenyewe. Miezi sita nyuma yake, wawili kati yetu walirudi kuona. Akina mama walikuwa wamejenga mengine katika kijiji cha jirani, na mlango wake walikuwa wameupunguza, wakasema wetu ulikuwa unakula kuni bure. Sikuwahi kufurahi hivyo kwa kusahihishwa.

Ukitaka kupanga safari kama hii

Kwanza, uliza kabla ya kuamua. Andika barua kwa fasi mnakotaka kwenda, taja mko wangapi na mnajua kufanya nini, na uulize wanakosa nini. Kituo chenye upungufu wa watu wa kuandika rejista hakihitaji wapiga picha 20.

Pili, nendeni wachache, wa masomo tofauti. Wahasibu, wanasheria na walimu wana kazi kama wanabioloji.

Tatu, jibebeni. Usafiri, chakula, bashi, dawa, vyote vitoke kwenye michango yenu. Mgeni anayekula chakula cha mwenyeji amekuja kusaidiwa. Na chakula nunueni kwa akina mama wa kijiji, si Bukavu.

Nne, afya na chanjo, na hakuna kugusa wanyama hata mkiruhusiwa. Ukialikwa mahali ambapo mgeni analipa ili abebe watoto wa sokwe, hapo si pa kwenda.

Tano, andikeni ripoti mbili: ya Kifaransa kwa fakilte, na ya Kiswahili kwa kijiji, isomwe mbele ya watu. Sisi tulifanya hivyo, na wenzetu wawili walipata humo mada za TFC zao.

Sita, usalama. Tangu vita vifike Kavumu na Bukavu mwezi wa Februari 2025, sitamwambia mtu yeyote apange safari ya wanafunzi kwenye barabara ile bila kuuliza wenyeji na kusikiliza jibu lao. Kujitolea si kujitoa kafara. Walinzi na watunzaji wanaobaki kazini wakati kama huu wanastahili heshima yetu, na hatupaswi kuwaongezea mzigo.

Lakini Kongo ni kubwa. Wa Lubumbashi wana kituo cha sokwe cha J.A.C.K. mjini mwao, na parke za Upemba na Kundelungu katika udongo wao. Wa Kisangani wana Yangambi. Wa Kinshasa wana Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya bonobo, mnyama mwingine anayeishi kwetu tu. Na hata wewe uliyekwama Bukavu au Goma bila safari, swali la makala liko jikoni kwenu leo usiku. Kitalu cha miti kinaweza kuanza kwenye uwanja wa shule, na jiko la udongo halihitaji ruhusa ya mtu.

Wazazi wetu walituma watoto shuleni ili siku moja mtu akiuliza swali gumu kijijini, awepo wa kulijibu. Mama wa Lwiro ameuliza, na muzee Mutwa ameuliza. Sisi ndio tumesoma.